Faini ya Shilingi Ishirini

Daftari letu lina jalada la plastiki,
limefungwa kwa kipande cha ukili kilichobaki mkekani.
Mimi ndiye ninayeliandika.
Nilichaguliwa kwa sababu nilifika darasa la saba
na kwa sababu Bi Thureya ni shangazi yangu;
ipi ilitangulia, sijauliza.

Hapa Matondoni tuko ishirini na wanne.
Kila Jumatatu, shilingi mia.
Mia ya Bi Thureya hutoka mkobani imenyooka,
mia ya Zena imekunjwa mara nne, inanuka samaki,
mia ya Mwanakombo ni sarafu,
nami huzihesabu mara mbili, zake tu,
Mungu anisamehe.

Nikishaziandika zote ni mia.
Wino hauna macho.

Mkutano huanza alasiri ikishasaliwa.
Saa hiyo tuliipigia kura kwa kunyoosha mikono
na mkono wa Mwanakombo haukuwepo:
ulikuwa unamgeuza mama mkwe kitandani,
ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia,
kitambaa, maji ya vuguvugu, uji.
Mgonjwa hajui kanuni za kikundi.
Akifika, mikono ya buibui imelowa,
husema toka mlangoni, "Nimekuya, niandikani,"
nami huandika: amechelewa, ishirini.

Oda ya hoteli ya Shela, mikeka arubaini,
iliingia usiku kwenye simu.
Wenye simu za kugusa waligawana kabla ya alfajiri.
Ya Zena ni mulika mwizi.
Habari aliipata kisimani
miyaa ya wenzake ikiwa imeshatiwa rangi, inaning'inia uani.

Bishara alikopa elfu kumi za cherehani.
Lali mumewe akaja kumtilia sahihi,
akaja na kuzipokea,
cherehani ikageuka pikipiki.
Anayelipa ni Bishara, pima kwa pima ya ukili,
na pikipiki humpita njiani,
ikamwachia vumbi lake.

Na deni la Bi Thureya?
Ukurasa wake ni mweupe.
Niliambiwa, "Hilo liache, mwanangu, tutaliongea nyumbani."
Nyumbani tuliongea harusi.

Mwezi wa kumi na mbili tukavunja sanduku.
Vigelegele, halua, kahawa ya tangawizi.
"Faida hii," akasema shangazi, "ni baraka ya umoja."
Lakini mimi nilikuwa nimeishika faida mkononi, naijua kwa jina:
ni faini za mwaka mzima,
elfu tatu mia moja na ishirini.
Mwanakombo peke yake, mara thelathini na moja,
mia sita na ishirini.

Tukagawana sawasawa, ndivyo kanuni isemavyo,
mia na thelathini kila kichwa.
Naye akapewa yake,
akaipokea kwa mikono miwili,
akashukuru.

Fungu langu nilinunulia rangi ya zambarau.
Mkeka ule umetoka vizuri mno.
Umesimama ukutani, umekunjwa,
siwezi kuukalia.

Jumatatu ya kwanza ya mwaka nikaomba ruhusa,
nikasema, tuisogeze saa.
Shangazi akanitazama kama anayetazama sahani yake
mezani kwa jirani.
"Kanuni ni kanuni."
Wengine wakainamia ukili wao.
Hata Zena. Hata Bishara.
Mwanakombo hakuwepo kunisikia,
na ilikuwa afadhali.

Tangu siku ile mwandiko wangu umekuwa mzito.
Kikao hakifunguliwi mpaka kichwa cha ukurasa kikamilike,
hiyo nayo ni kanuni, tuliipitisha wenyewe.
Basi naandika tarehe ya Kiislamu kwanza,
halafu ile ya serikali.
Napiga mstari kwa rula. Umepinda. Naufuta.
Naomba wembe, nichonge penseli.
"Leo una nini?" wanauliza.
Kidole, nasema, kinauma.

Nje kuna ndara za mtu anayekimbia mchangani.
Nachonga tena.